Aliyepeleka Senene Izigo

Mvua iliyonyesha Bukoba siku ile ilikuwa mvua ya kuwatia watu akili. Wapo watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wanaoapa kwamba waliona sato wawili wakivuka barabara karibu na stendi, mmoja akimkumbusha mwenzake atazame kushoto na kulia. Hilo tuwaachie wenyewe. La hakika ni kwamba kila mwenye miguu alikimbilia varanda za maduka ya stendi: makondakta, wauza karanga, masista wawili wenye mwavuli mmoja, jogoo aliyefungwa miguu asiyejulikana ni wa nani, na Kokubanza na pikipiki lake.

Kokubanza, ambaye mji mzima ulimwita Koku, alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alikaa kwenye kibanda chake Kashai akipandisha pindo za sketi na kupunguza viuno vya suruali za mitumba. Lakini ushonaji ulikuwa umedoda. Watu siku hizi wananunua gauni lililokwisha kushonwa, wanalivaa hata likiwabana roho. Kwa hiyo ikifika saa za chakula Koku alivaa koti la njano la mvua, akafunga boksi nyuma ya pikipiki, akawapelekea watu vyakula vya mgahawa wa Mama Gaudiosa popote walipo. Kwenye boksi paliandikwa kwa rangi nyeupe CHAKULA MOTO MPAKA ULIPO, na chini yake namba ya simu.

"Dada, humo kwenye boksi mna nini?" sauti ikauliza begani kwake.

Koku akageuka. Jicho la fundi halimtazami mtu, linampima. Shati la bluu, limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limeachwa lijitegemee. Kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi. Suruali ya kaki imechomekwa kwenye gambuti zenye udongo mwekundu wa shambani. Huyu hana mke, jicho likahukumu. Na kama anaye, hawasemezani.

"Mna chakula cha mtu."

"Mtu gani?"

"Dereva wa basi la Biharamulo. Akisikia unakiulizia atakushusha Muhutwe."

"Basi niuzie harufu tu, bojo. Nimetoka Muleba asubuhi na chai kavu."

"Harufu ni ya bure. Vuta, ila usimalize."

Watu wakacheka. Kijana akatoa simu, akaisoma ile namba kwenye boksi, akabonyeza. Simu ikalia ndani ya koti la njano.

"Halo, Chakula Moto," Koku akaitika, akimpa mgongo.

"Halo. Naomba sangara wa kukaanga na ebitoke, ndizi zetu za kupika. Pilipili pembeni."

"Uko wapi, mteja?"

"Stendi. Mbele yangu kuna dada ana koti la njano. Ana maringo kidogo, ila macho yake yana huruma."

"Huyo simfahamu. Jina?"

"Datius. Kwetu Izigo, kazini Muleba, ni bwana shamba. Sina mke."

"Hapa tunapokea jina na chakula. Hayo mengine peleka kwa paroko."

Sista mmoja akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka, na jogoo, aliyekuwa amekata tamaa ya maisha, akawika.

Tangu hapo Datius akawa mteja. Kazi ilimleta Bukoba mara kwa mara kufuatilia miche ya migomba, na kila alipofika njaa yake ilichagua mahali pa mbali zaidi. Leo ilimshika nje ya uwanja wa Kaitaba, kesho ikampandisha mlima wa Ihungo, keshokutwa ikamteremsha hadi ufukweni chini ya Bunena. "Huyo hafuati samaki," Mama Gaudiosa alisema akipuliza jiko, "samaki angemtafuta hapa hapa. Mpelekee, mwanangu, lakini usimpelekee yote."

Siku ya Bunena aliagiza sahani mbili. Koku alimkuta amekaa juu ya jiwe, gambuti kazivua, miguu majini. Mbele yao kisiwa cha Musira kilikaa kimya kama mtu anayesikiliza maneno ya wenzake, na ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya kitambaa kile ambacho fundi akiletewa anaogopa kukitia mkasi.

"Mgeni wako yuko wapi?" Koku akauliza.

"Si ndiye huyu ananiuliza?"

"Mimi sili na wateja. Ndiyo sheria ya kazi."

"Basi mimi si mteja. Futa oda."

"Umeshalipa."

"Nimekusamehe. Kaa, waitu. Ukisimama hivyo na helmeti, sangara anadhani tunakamatwa."

Alikaa. Alikula kipande kidogo, kisha kingine, mwisho akajikuta anagombania mgongo wa samaki. Datius akamweleza mnyauko wa migomba, unavyoanzia kwenye jani moja la njano na kumaliza shamba. Koku akamweleza kwamba suruali yake ilikatwa na fundi aliyekuwa na haraka. Upepo wa ziwa ukachukua maneno na kuyarudisha yamelainika. Ila lile neno moja dogo, ambalo wote wawili walilisubiri kama abiria wa meli wasubirivyo honi, Datius hakulisema. Lilimfika kooni, likaona giza, likarudi.

Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Simu zilikuwepo. "Koku, umeamka?" "Nimeamka, natunga uzi." "Mkono gani umeshika simu?" "Hakuna, nimeibana kwa bega." "Libusu bega hilo kwa niaba yangu." "Nikigeuza shingo simu itaanguka, mjinga wewe." Akikata, anakuta ameshona mfuko wa suruali juu ya goti. Lakini neno lenyewe, kimya.

Ukaja mwezi wa senene. Mwaka ule waliteremka wengi hivi kwamba taa za barabarani ziliwaka na hakuna aliyejua. Watu walitembea na ndoo, wengine na mapazia. Na kwa Wahaya senene si kitoweo tu. Tangu zamani mke ndiye aliyetoka na umande kuwakamata, akawakaangia mumewe, na mume akamshukuru kwa kumvika nguo mpya. Kwa hiyo msichana akibeba senene mpaka kwa akina kijana, akawakabidhi mbele ya mama mwenye nyumba, hahitaji tena kusema neno. Amemaliza. Na akishavikwa kitambaa, wao nao wamemaliza.

Hapo ndipo alipoingia Celina. Celina alifanya kazi kwenye ofisi ya bima mjini: dada mrefu, msafi, viatu vya kisigino visivyoogopa matope ya Bukoba. Jumamosi aliingia mgahawani na mfuko wa senene aliowanunua Soko Kuu, akataka wakaangwe, wawekwe kwenye kikapu cha ukili, wapelekwe Jumapili baada ya misa.

"Ni mbali kidogo, fundi, ni Izigo. Uliza kwa Mama Vestina, karibu na kigango. Mkabidhi mwanawe."

"Nimwambie wametoka kwa nani?"

"Usitaje. Nataka ashtuke mwenyewe. Atajua tu, tumezoeana anapokuja ofisini kwetu."

Koku akaitikia. Datius alikuwa wa Izigo, ndiyo, lakini Izigo ni kubwa na mama wenye watoto wa kiume hawahesabiki. Jumapili akawasha pikipiki. Barabara ikapanda na kushuka kati ya migomba, kahawa zikiwa zimeiva nyekundu vichakani, na kila alipofika juu ya kilima ziwa lilitokeza upande wa kushoto, linampungia, linajificha. Baada ya Kemondo mvua ikamkuta. Haikumwacha hadi uani kwa Mama Vestina.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu waitu! Nani huyu anatembea na mvua yake?"

Mama Vestina alikuwa amevaa gauni la gomesi, la zambarau, lenye mabega yaliyosimama kama masikio ya sungura. Alikuwa barazani na majirani waliotoka misani. Koku, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kidevu, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili na kupiga goti kama alivyolelewa.

"Nimeleta mzigo wa kijana wa hapa. Nani anapokea?"

Mama akafunua jani la mgomba. Senene, wekundu, wanang'aa. Wakati huo huo kijana wa hapa akatokea shambani, miguu mitupu, panga mkononi, fulana ikiwa na doa la utomvu kifuani.

"Koku?" akasema Datius.

Panga likamwanguka. Mama Vestina akamtazama mwanawe, akamtazama msichana, akamrudia mwanawe. Kisha akapiga kigelegele kilichosikika, wasimulizi husema, mpaka visiwa vya Muleba, wavuvi wakadhani ni harusi na kuvuta nyavu mapema.

"Mama, mimi nime—" Koku alianza.

"Kaa, mwanangu, kaa!" Majirani walikuwa wamekwisha kumvua koti. Mmoja akamkalisha kwenye mkeka mpya, mwingine akamtilia mdomoni mbegu za mwani, zile kahawa za kutafuna anazopewa mgeni wa heshima. Na kabla hajazimeza, kitambaa kikatua mabegani mwake: kitenge cha kijani kibichi, chenye maua ya kahawia. Vidole vya fundi vikakijua kabla ya macho. Kizito, rangi imeshika pande zote mbili, hakichuji hata ukifue ziwani.

Sema sasa, moyo ukamhimiza. Ulimi ukajibu: subiri nimalize kutafuna.

Datius alimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Mvua ilikuwa imekatika na migomba yote ilikuwa inadondosha matone taratibu, kama mtu anayehesabu rozari.

"Koku, mimi nilishindwa kusema. Miezi yote hii. Na wewe umekuja kusema kwa kikapu."

"Datius, sikiliza, mimi…"

Akamwekea kidole mdomoni. Kilinuka utomvu na udongo. "Usiongeze kitu leo. Ukiongeza nitalia, na mama yangu anachungulia dirishani."

Basi hakuongeza. Alirudi Bukoba na kitambaa kifuani ndani ya koti, na wanaomjua wanasema lile pikipiki, lililokuwa likikohoa kila kilima, siku hiyo liliimba.

Yakafuata majuma ya asali. Alikishona kitenge gauni: mikono mifupi, kiuno kimeshika, chini limeachiwa lizunguke. Akilivaa Kashai nzima ilikuwa inapisha. Na simu ikawa na jina jipya.

"Mke wangu, umekula?"

"Mke wa nani? Hujaja hata kujitambulisha kwa baba."

"Nakuja. Senene wale, Koku, sikuwagawia mtu. Nilimnyima hata paroko."

Hapo moyo wa Koku ulisimama kidogo, kama sindano inapogonga mfupa wa kifungo. "Datius, kuhusu wale senene…"

"Eeh?"

"…walikuwa na chumvi ya kutosha?"

"Walikuwa na wewe. Chumvi sikuisikia."

Angesemaje? Kila siku aliyonyamaza iliiongezea urefu ile iliyofuata. Alijiambia atasema kesho, akikaa naye uso kwa uso. Na walipokaa uso kwa uso, aliuangalia uso wenyewe na kuona haya kuuharibu.

Adhuhuri moja mgahawa ulikuwa umejaa, vijiko vinagongana, na Koku alikuwa anapanga oda kwenye boksi akiwa ndani ya gauni lake la kijani. Mlango ukapitisha viatu vya kisigino.

"Jamani fundi!" Celina akamzunguka. "Hili gauni! Hiki kitambaa hakipo Bukoba. Nani amekuvisha?"

Koku akashika meza.

"Haya, siri yako. Niambie, ule mzigo wangu wa Izigo ulifika kweli? Maana yule mtu hajanipigia, hajaniandikia, hata kunibip. Najiuliza, au ulimpa jirani?"

Palikuwa na mlango wa nyuma. Palikuwa na uongo wa aina tatu, wote mwepesi. Koku akaitazama ile sura nzuri ikisubiri, ikiwa na tumaini lilelile alilokuwa nalo yeye juu ya jiwe la Bunena, na miguu ikakataa kwenda popote.

"Ulifika, dada Celina. Nilimkabidhi mkononi. Wakadhani ni mimi nimewaleta. Mama yake akanivisha hiki kitambaa, na mimi sikusema kitu. Nilikuwa nampenda kabla, sikujua kwamba ndiye unayempelekea. Lakini sikusema."

Celina akakaa kwenye kiti cha mteja mwingine, bila kuangalia.

"Kwa hiyo senene wangu wameliwa. Na shukrani yangu umeivaa wewe."

"Ndiyo, dada."

"Na imekukaa vizuri, shetani mkubwa wewe."

Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Hakupayuka. Ingekuwa afadhali angepayuka.

"Datius, ni Celina wa bima. Nilikuwa nauliza kama wale senene walikuwa na chumvi."

"Senene gani?"

"Niliowanunua mimi Soko Kuu. Wakakaangwa hapa kwa Mama Gaudiosa, wakaletwa kwenu na mtu wa pikipiki."

Ilisikika redio ya mtu huko Muleba ikitangaza vifo.

"Koku yupo hapo?"

"Yupo. Amevaa kitenge cha mama yako."

"Koku, ni kweli?"

"Ni kweli."

Simu ikakatika. Celina akasimama, akajifuta chini ya macho kwa ncha ya kidole ili wanja usishuke. "Mimi nimewahi kukataliwa," alisema, "lakini sijawahi kukataliwa kwa usafiri niliolipia mwenyewe." Akatoka, kichwa juu. Mama Gaudiosa akamkabidhi Koku mifuko. "Supu inapoa, mwanangu. Kapeleke. Machozi utayalia barabarani, helmeti itakusitiri."

Datius alipiga mara moja tu baada ya hapo, jioni.

"Nimemwomba Celina radhi kwa kosa ambalo sikulijua. Izigo yote inaniita bwana harusi. Kwa nini, Koku?"

"Nilitaka kusema. Ulinikataza. Uliniwekea kidole mdomoni."

"Nilikukataza siku moja. Hizo nyingine nani alikukataza?"

Koku alishika simu sikioni hata baada ya kukatika, kama mtu anayesubiri salio lirudi.

Senene waliisha. Mvua zikapungua, vumbi likarudi Kashai, na oda zilikuja kutoka kila upande isipokuwa kwa mtu wa gambuti. Koku aliacha kulivaa gauni. Halafu akaanza kulifumua. Kila asubuhi, kabla ya kushona nguo za watu, alikata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe: mikono, kiuno, pindo. Wapita njia walimcheka, fundi anayeshona kinyumenyume. Kitambaa kilipolala tena kikiwa vipande vipande, akaviunganisha kwa mshono mwembamba usioonekana, akapiga pasi, akakunja, akavaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya kawaida kabisa, akawasha pikipiki kwenda Izigo.

Mama Vestina alikuwa anamenya ndizi uani.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kurudisha mzigo ambao haukuwa wangu."

"Marahaba." Mama akafuta mikono, akakifungua kitenge, akakipitisha machoni kwenye jua. Vitobo vya sindano vilimeta kama nyota zilizopangwa na mtu mwenye mpango. "Umekifumua chote?"

"Ndiyo, mama."

"Mjinga wewe." Akacheka mpaka akakaa vizuri kwenye kigoda. "Wewe unadhani mimi sikujua? Mke gani analeta senene amevaa helmeti, halafu anauliza nani anapokea mzigo? Nimekamata senene tangu sijaota meno ya nyuma. Nilijua umetumwa kabla hujashusha goti."

"Sasa mama… kile kigelegele?"

"Kilikuwa cha uso wa mwanangu. Tangu baba yake atutoke sijauona uso ule. Hakukitazama kikapu hata kidogo. Kingekuwa na mawe, angeyatafuna. Nikasema, aliyetuma ni nani sijui, ila aliyekuja namwona. Na ulikuwa unatetemeka kwa baridi, mtoto wa watu. Ningekuacha bila nguo?"

"Umemwambia hivyo?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Ananijibu, mama, wewe umesema, senene wa Celina wamesema, yeye mwenyewe lini atasema?" Mama akaikata ile sauti ya mwanawe kwa kusonya. "Yuko Muleba ofisini na njaa yake. Anashindia biskuti tangu ugomvi wenu, amekonda kama ufito. Subiri hapo."

Akapika. Ebitoke na maharage, na samaki aliyekaushwa, vikafungwa kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. Kisha, Koku akitazama kwa mshtuko wa fundi, mama akakichukua kile kitenge na kukifungia chakula, mafundo mawili.

"Mama, kitaingia mchuzi!"

"Kiingie. Nguo si mtakatifu. Nenda, na usisubiri mtu akufungulie mdomo."

Muleba ilikuwa siku ya gulio. Alipita kati ya marundo ya ndizi na magari yaliyokuwa yanashusha abiria, akafika kwenye varanda ya idara ya kilimo. Datius alikuwa nyuma ya meza. Mbele yake foleni ya wakulima, kila mmoja na jani lake la mgomba lililonyauka, kama watu waliobeba barua mbaya kutoka kwa ndugu mmoja. Shati lake sasa halikuwa limepigwa pasi hata mbele.

Koku akapanga foleni. Alipofika mbele akaweka furushi mezani.

"Mzigo wako."

Datius hakuinua macho, ila kalamu ilisimama. "Umetoka kwa nani?"

"Chakula kimetoka kwa mama yako."

"Na hicho kitambaa?"

"Nilikirudisha. Amekifungia chakula, mimi nilimkataza."

"Asante. Umefikisha." Akavuta kalamu.

Zamani angeondoka hapo. Kazi ya mpeleka chakula huishia mlangoni. Mkulima wa nyuma alikuwa amekwisha kuanza kumsogeza kwa kiwiko. Koku akaishika meza.

"Sijamaliza. Chakula kimetumwa. Mimi sikutumwa na mtu." Akalisogeza furushi mbele. "Wale senene hawakuwa wangu, na nilijua, na nilinyamaza, na hakuna aliyenikataza ila mimi. Siku ile ningesema ningeondoka pale uani bila kitu, na nilikuwa nataka kubaki. Nimekosa kwako, nimekosa kwa Celina. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia hivyohivyo, akanifukuza, kisha akanirudisha akaniuliza kama najua kushona suti. Wewe sikuletei senene, hawapo. Nimejileta mwenyewe. Nakupenda, Datius. Nilikupenda tangu ile suruali mbovu."

Mzee mmoja kwenye foleni akashusha jani lake.

"Bwana shamba, mjibu mtoto wa watu. Migomba yetu imeshaanza kufa, itamalizia baadaye."

Datius aliinua macho. Mama yake hakusema uongo, alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yamebaki peke yake usoni.

"Ulinyamaza siku zote zile ukiogopa nini?"

"Niliogopa ungeacha kuniita vile ulivyokuwa unaniita."

"Vipi?"

"Unajua."

"Nimesahau. Nakula biskuti."

Koku akatazama kushoto, akatazama kulia. Foleni nzima ilikuwa imesogea. "Mke wangu," akasema, chini kabisa.

"Amesema mke wangu!" mzee akawatangazia wa nyuma waliokuwa hawasikii. "Mambo ya siku hizi, msichana ndiye anayeposa!"

"Hajaposa," Datius akasema, akisimama kwa kasi hata kiti kikalala chali. "Ninayeposa ni mimi, nilichelewa tu. Kokubanza, Jumamosi naleta wazee Kashai kwa baba yako. Nami nasema kwa mdomo wangu, mbele ya majani yote haya: nakupenda, nataka unioe… nataka nikuoe. Unaona, ndiyo maana nilikuwa sisemi."

Vicheko vikapanda mpaka gulioni, watu wakadhani bei ya kahawa imepanda. Koku alicheka naye huku machozi yanamdondoka juu ya meza ya serikali. "Walete," alisema. "Ila shati hilo nilipige pasi kwanza, upande wa nyuma."

Walifungua furushi wakala palepale, mkono wa Koku na mkono wa Datius kwenye jani moja, na mzee naye akaonja kwa sababu alikuwa shahidi. Wakulima walihudumiwa mmoja mmoja, kwa vidole vinavyonuka samaki na tabasamu lisilofungika. Jua lilipolegea Datius akafunga mlango wa ofisi, akapanda nyuma ya pikipiki; walikuwa wanakwenda Izigo kumwambia mama kabla gulio halijamfikishia. Mchuzi ulikuwa umechora ramani juu ya maua ya kitenge, naye Koku alikuwa amekizungusha shingoni kama skafu bila kujali.

Barabara ikafunguka mbele yao, migomba huku na huku, moshi wa majiko ukilala chini juu ya mashamba. Kwa mbali, ziwa likajitokeza, jepesi, la rangi ya maziwa.

"Koku, endesha polepole."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Nataka tuchelewe."

Na Koku, ambaye maishani mwake hakuwahi kuchelewesha sahani ya mtu, akapunguza mafuta.